Nyekundu Haikuhitaji Dawa

Wiki iliyopita mteja mmoja alisahau chupa ndogo kwenye meza yangu ya kushonea. Yalikuwa mafuta ya nyonyo, haya ambayo wasichana wa siku hizi wanapaka nywele ili zirefuke. Nilikishika kifuniko nione kama kimekaza, maana mafuta yakimwagikia kitambaa cha mtu ni kesi, na harufu ikanifikia kabla sijajiandaa. Watu wengine harufu huwarudisha jikoni kwa bibi zao. Mimi ilinirudisha kwenye uwanja wa zamani wa ndege nje ya Lilongwe, mvua inanyesha, pikipiki kuukuu zinapita kwa kelele, na mama yangu amesimama katikati ya njia akiwa na blauzi na shimizi tu.

Sijawahi kuisimulia habari hii yote kwa mpangilio. Kwa muda mrefu niliamini ni habari ya bendera, na nilijua nani wa kulaumiwa, kwa hiyo sikuona sababu ya kuichokonoa.

Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tukiwa watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu Neema. Tulikuwa tumetoka Bukavu mapema, kabla mji haujavunjika, kwa sababu zilizomhusu Baba na ambazo mimi sikuelezwa. Baba mwenyewe alibaki nyuma kumaliza mambo, na mambo hayo hayajaisha mpaka leo. Tulipewa chumba katika majengo yaliyokuwa ya wafungwa. Kwenye ukuta, juu kidogo ya mkeka wangu, kulikuwa na mistari iliyokwaruzwa kwa msumari, mitano mitano, safu baada ya safu. Nilidhani aliwahi kuishi humo mtoto aliyekuwa akijifunza kuhesabu, na nilimwonea huruma kwa sababu hakuwahi kuvuka tano.

Neema alikuwa na ugonjwa wa damu. Siku nyingine alicheza kama mtoto yeyote, siku nyingine viungo vilimuuma akalia mpaka sauti ikakauka, na macho yake yakageuka manjano. Kila asubuhi, kabla ya salamu na kabla ya uji, Mama alimuuliza, "Neema, unaumwa wapi?" Neema alionyesha kwa kidole: goti, kiwiko, mgongo. Mama alikanda pale palipoonyeshwa. Jumamosi alimpa kijiko cha mafuta ya nyonyo, ambayo sisi tuliyaita risini, kwa sababu aliamini risini inasafisha kila kilichoharibika ndani ya mtu. Neema alifinya pua na kumeza. Chumba chote kilinuka.

Mimi sikupewa. Wageni walipokuja, Mama alinionyesha kwa kidevu na kusema, "Huyu mukubwa iko na nguvu. Huyu haumwake." Nilijivunia maneno hayo kama mtu aliyepewa cheo. Ilitokea siku moja nikapata homa, meno yanagongana, nikaenda bombani na kurudi na ndoo kichwani bila kumwambia mtu. Cheo ukipewa lazima ukilinde. Ndipo nikajitengenezea elimu yangu mwenyewe, kwamba duniani kuna vitu dhaifu na vitu vyenye nguvu, na dawa ni ya vile dhaifu.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Alikuwa na nafasi ya cherehani kwenye varanda ya duka moja Area 25, mtaa wa Lilongwe, siku tatu kwa wiki, na siku hizo ziliandikwa kwenye karatasi ya ruhusa kutoka ofisi ya kambi. Siku ya tatu jioni lazima awe amerudi Dzaleka. Alilala kwa Mama Goreti, Mrundi wa kanisa letu ambaye alikuwa ameolewa na Mmalawi na kupata chumba mjini. Varandani hapo ndipo alipompata Bwana Mbewe.

Bwana Mbewe alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale Capital Hill. Ujanani aliwahi kufanya kazi ya maghala Mbeya, akarudi na Kiswahili kilichonyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Sisi tulikicheka Kiswahili chake, naye bila shaka alikicheka chetu. Siku za mapumziko alikuwa msimamizi wa usalama wa chama kimoja cha wapenda pikipiki za zamani, ambao kila mwaka walishindana kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, kwenye uwanja wa ndege usiotumika tena, kando ya shamba la tumbaku. Alitaka bendera mpya: nane za njano, nane nyekundu, na moja ya miraba ya kumalizia.

"Njano maana yake angalia, punguza mwendo, mbele kuna jambo," alimweleza Mama. "Nyekundu maana yake simama, basi, mbio zimekwisha. Mama Faida, hakuna kingine cha kusema na mtu aliye juu ya pikipiki. Hasikii. Anaona rangi tu."

Kisha akasema lile lililomfanya Mama aache kukanyaga cherehani. Ofisini kwao makoti ya matarishi yalikuwa yamechakaa na yeye ndiye aliyetafuta mafundi. Bendera zikiwa safi, kazi ya makoti ni ya Mama, na yeye Mbewe atamwandikia barua ya kazi, barua yenye muhuri, ambayo ofisi ya kambi ikiiona itaturuhusu kukaa mjini. Kukaa mjini kulikuwa na maana moja tu kwetu. Neema akishikwa na maumivu, hospitali kubwa ingekuwa karibu, si kusubiri lori litoke Dzaleka lini, na kama lina mafuta. Mama alirudi kambini wiki ile akiimba. Alituambia habari ya barua mara tatu jioni moja, na kila mara muhuri uliongezeka ukubwa.

Mafundi wa kwetu wana desturi. Kitambaa kipya cha rangi hakikatwi kabla hakijalowekwa kwenye maji ya munyu, yaani chumvi, ili rangi, ambayo sisi tuliiita kuleri, ishike. Mama aliifuata kama anavyofuata amri za kanisa. Siku aliyotaka kuloweka ikaangukia siku ya mgao wa chakula, na foleni ya mgao haina mwakilishi, ukikosekana umekosekana. Akaniita uani, akanionyesha mabeseni mawili, kitambaa cha njano, kitambaa chekundu na mfuko wa chumvi ya mawe aliyoinunua kwa kazi hiyo.

"Faida, mi naenda ku distribution. Tia munyu kikopo mbili huku, kikopo mbili kule. Usisahau. Kitambaa kipya bila munyu, kuleri inakimbia."

"Juu ya nini munyu?"

"Munyu njo dawa ya kitambaa," alisema, akachukua gunia lake na kuondoka.

Nadhani angetumia neno lolote lingine, maisha yetu yangekwenda njia tofauti. Nilivitazama vitambaa vile viwili. Cha njano kilikuwa hafifu, njano ile ile ya macho ya Neema siku mbaya. Chekundu kilikuwa chekundu kabisa. Tena nilikuwa nimemsikia Mama mara ngapi akilalamika kwamba wekundu wa udongo wa hapa hautoki, ukiingia kwenye shati jeupe utalifua mpaka lichanike. Basi nyekundu ina nguvu. Dawa ya nini? Nikapima vikopo vinne, vyote vinne, nikavitia kwenye beseni la njano. Nyekundu niliipa maji matupu. Baada ya muda maji yake yakawa mekundu kama togwa ya mtama, nami nikaona huo ni ushahidi zaidi. Ilikuwa na rangi nyingi kiasi cha kumwaga nyingine. Nikamwaga maji, nikaanika vyote, na Mama aliporudi alikuta kazi imekwisha, akanishika kichwa. "Mutoto wangu wa nguvu," alisema.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya nguo yenyewe, nafurahi.

Ijumaa tulikwenda mjini sote watatu, na Jumamosi Neema akabaki kwa Mama Goreti kwa sababu aliamka na maumivu ya mguu. Kulikuwa na baridi ya asubuhi. Mama alikuwa na kitenge chake chekundu cha vipande viwili, zawadi ya harusi kutoka kwa mama yake. Kipande kimoja alimfunika Neema, kingine akajifunga juu ya shimizi. Bwana Mbewe alikuwa amemwomba aje na sindano na uzi, bendera zikichanika, nami nikachukuliwa kubeba kikapu.

Harufu ndiyo niliyoikuta kwanza. Tulipokaribia mahali pikipiki zilipopangwa, wenyewe wakizipasha moto injini, moshi mwembamba wa buluu ulitujia, na ulikuwa risini tupu. Niligeuka kutafuta kijiko. Pikipiki zilikuwa nyembamba, zina mifupa ya nje nje, na wenyewe wengi walikuwa wazee wa Kizungu na wa Kihindi, wenye ndevu za mvi na majaketi ya ngozi yaliyopasuka viwikoni. Nilimvuta Bwana Mbewe mkono.

"Hizi zinaumwa?"

Alicheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho siku ile. "Haziumwi, binti. Ni nzee. Injini za zamani za mashindano zinapewa mafuta ya nyonyo, ndiyo yanayozifaa."

Jibu hilo lilifunga hoja. Zilikuwa nzee, kwa hiyo dhaifu, kwa hiyo zinapewa dawa. Nilitembea nyuma ya Mama nikiwa na amani kubwa, dunia imepangika kama nilivyoipanga.

Kilichompa Bwana Mbewe jasho kilikuwa watu. Walitegemea wachache, wenye pikipiki na jamaa zao na wanakijiji wa jirani. Lakini tangazo lilikuwa limetoka redioni, na mtu aliposikia mashine za mbio na hakuna kiingilio, alivaa viatu. Walikuja kwa miguu kutoka Area 25, walikuja juu ya kabaza, zile baiskeli za kukodi, wawili wawili, walikuja kwenye malori ya tumbaku wamesimama. Kilichowatenga na njia ya mbio kilikuwa kamba moja ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, na kufikia saa nne watu walikuwa wameikalia kama benchi, imelala chini. Chipsi ziliuzwa upande mmoja na miwa upande mwingine, hivyo kila aliyekula chipsi alitaka kuvuka akapate muwa. Mtangazaji aliomba kwa Kichewa, akaomba kwa Kiingereza, mwishoni akawa anaomba kwa jina la Mungu.

Tena kulikuwa na mambo ya vyama vya siasa. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa bado mbichi vichwani mwa watu, na njano ilikuwa rangi ya chama kilichoshinda. Kila mshika bendera alipopunga njano kuwaonya waendeshaji, upande mmoja wa uwanja ulipiga vigelegele na upande mwingine ukazomea.

"Hawa wanapigia kura pikipiki," Bwana Mbewe alimwambia Mama, akijifuta uso.

Mama alikuwa anaziangalia bendera zake. Zilikuwa zimenyooka vizuri, pindo zimekaa, na nyekundu ilikuwa bado haijapungwa hata mara moja. Najua alikuwa anaiona barua.

Wingu lilitoka upande wa Dowa, kule kambi yetu ilipo, na lilikuwa jeusi kabla ya kufika. Washika bendera walikuwa vijana wa shule. Matone ya kwanza yalipoanguka walifanya jambo la busara kwa akili yao, walizikunja bendera zao pamoja, njano na nyekundu, wakazichomeka kichwa chini kwenye ndoo zao za bati zisilowe. Mvua ya Malawi haidondoki, inamwagwa. Ndoo zilijaa.

Wakati huo mbio za pikipiki kongwe kabisa zilikuwa zinaendelea, kama kumi hivi, zinazunguka. Upande wa watu hakukuwa hata na kichaka. Ng'ambo ya njia kulikuwa na mabanda ya kukaushia tumbaku, marefu, yenye paa la nyasi. Nilimsikia mtu akisema "Tiyeni!", twendeni, na wengine wakalirudia, na umati ukaanza kujisogeza kuelekea mabandani, kwanza pole pole, akina mama wenye watoto migongoni wakiwa mbele.

"Nyekundu!" Bwana Mbewe alipiga kelele na kupuliza filimbi. "Nyekundu vituo vyote! Simamisha!"

Vijana walizichomoa bendera kutoka kwenye ndoo. Nilizitazama zikipanda, kituo kimoja baada ya kingine, na sikuelewa ninachokiona. Hapakuwa na nyekundu. Hapakuwa na njano pia. Kulikuwa na kitu cha rangi ya nyanya iliyoiva nusu, na vijana wenyewe walizigeuza geuza hawajui washike ipi, wakaishia kupunga zote mbili. Waendeshaji waliona njano iliyochafuka. Wakafanya kama njano inavyosema, wakapunguza mwendo kidogo na kuendelea kuja. Watu walipoona pikipiki zimepunguza, waliamini zinasimama, na waliokuwa bado wanasita wakaingia njiani.

Mama alikuwa karibu nami, amejikinga kwa kikapu. Alikiweka chini. "Bale bantu banavuka," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Akafungua fundo la kitenge kiunoni, akakivuta, na akatembea mpaka katikati ya njia. Hakukimbia. Alikitanua kwa mikono miwili, kama anaanika, akasimama akizielekea pikipiki.

Ningependa kusema nilimhofia. Niliona aibu. Shimizi lake lilikuwa na lesi iliyochanika upande, nililijua tundu lile, na sasa Lilongwe nzima ililijua. Mama hakuwa mwanamke wa kuonekana hata na kichwa wazi. Nilitaka avae.

Kitenge kile kililowa pale pale, na kadiri kilivyolowa ndivyo kilivyozidi kuwa chekundu. Pikipiki ya kwanza iliyumba ikasimama. Ya pili na ya tatu zikasimama. Ya nne alikuwa nayo mzee mmoja mwembamba ambaye alichelewa kuona. Alipoona aliilaza pikipiki yake kwenye matope kwa makusudi, ikamtupa, ikateleza na kupita pembeni ya Mama, ikajibamiza kwenye marobota ya nyasi. Nyuma ya mgongo wa Mama watu walikuwa bado wanavuka, wengine wanacheka kwa sababu ya mvua, hawakujua lolote. Walipokwisha, alikishusha kitenge, akakikamua, akajifunga.

Yule mzee alivunjika mguu. Hakuna mwingine aliyeumia. Gari la wagonjwa lilipomchukua, sisi tulikuwa chini ya banda la tumbaku pamoja na nusu ya umati, na Bwana Mbewe akaja na ndoo moja. Alitoa bendera mbili akazilaza juu ya gunia.

"Mama Faida," alisema, "niambie, hii ni ipi?"

Kwa macho hukuweza kusema. Zilifanana kama ndugu wa tumbo moja. Mama alizigusa, akageuza pindo, halafu akafanya kitu nilichomwona akifanya jikoni tu. Alichukua ncha ya moja akaiweka kwenye ulimi kuonja munyu. Akaitikia kwa kichwa polepole. Akachukua ncha ya nyingine, akaiweka kwenye ulimi, akakaa nayo hapo muda mrefu. Kisha akanitazama. Haukuwa mtazamo wa hasira, hasira ningeitambua. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza ninaelewa.

"Ni kosa yangu, Bwana Mbewe," alisema. "Nilifanya haraka."

Kinywa changu kilikuwa wazi kabisa, tayari. Sikusema.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi na uwanja ukawa shamba la mpunga. Mbio zilivunjwa. Watu walikuja vile vile, wakasimama kwenye matope mpaka adhuhuri wakingoja, kwa sababu mtangazaji alikuwa amepotelewa na sauti na hakuna aliyewaambia. Sisi tulikwenda kwa ajili ya jibu. Bwana Mbewe alitupokea kwa heshima, akavua kofia mvuani.

"Aliyesimama njiani jana namshukuru, na nitamshukuru mpaka nife," alisema. "Lakini bendera wameziona wakubwa wangu wote. Aliyezishona siwezi kumwandikia barua. Nisamehe, mama."

"Zikomo, Bwana Mbewe," Mama alimshukuru kwa Kichewa. Hakujitetea hata kwa neno moja. Kitenge kilichozisimamisha pikipiki zote zile kilikuwa kiunoni mwake, kimekauka, rangi haijapungua hata chembe. Angeweza kukionyesha na kusema, hii pia niliiloweka mimi, najua kazi yangu, uliza aliyeloweka zile. Tulirudi Dzaleka siku hiyo, kabla ya karatasi ya ruhusa kuisha.

Tulikaa kambini miaka mingi baada ya hapo. Neema alishikwa na maumivu na lori lilisubiriwa, mara likaja, mara halikuja, na kila liliposubiriwa mimi nilikaa nje nikahesabu mistari mitano mitano kwa kidole kwenye udongo. Hakufa. Alikua, akawa mrefu kuliko mimi, na mwishowe ugonjwa wake huo huo ukamfungulia mlango. Alichukuliwa nchi ya mbali yenye baridi kwa ajili ya matibabu, na aliruhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto. Mama alinikumbatia kwenye uwanja wa ndege, ule unaotumika. "Weye iko na nguvu," alisema. Mwenye nguvu mpishe, wanasema, lakini mimi ndiye niliyesogea pembeni, wakapita.

Nimesoma siku hizi kwamba kwa rangi nyingi za kiwandani chumvi haifanyi kitu, kitambaa cha bei rahisi kitachuja hata ukikiloweka baharini. Huenda bendera zile zingekimbia rangi hata ningefanya nilivyoagizwa. Nililisoma jambo hilo nikiwa nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Halikunisaidia kama nilivyotegemea. Bado nikipata kitambaa chekundu cha mteja nakiloweka, vikopo viwili, na nakilamba.

Chupa ile ya mafuta ilikuwa bado mkononi nilipompigia Mama simu. Alipokea haraka, akaanza kama kawaida yake: watoto wanaendeleaje, mume wangu ameshaajiriwa au bado, mvua zimenyesha au bado. Akasema Neema yuko kazini, mguu wake haujamsumbua mwezi huu. Nilingoja amalize.

"Mama, ile kitambaa nyekundu ya bendera. Sikuitia munyu. Yote nilitia ku njano."

"Najua," alisema. "Nililamba."

"Hukuniulizaka."

"Nilikuwa na woga ya jibu. Niliona labda ulikuwa na hasira na mi." Kisha akaniuliza, "Juu ya nini uliiacha?"

Nikamwambia. Nilimwambia nilivyodhani njano ni dhaifu, imefanana na macho ya Neema, na nyekundu ina nguvu, kwa hiyo haihitaji dawa. Nilipokuwa mtoto maelezo hayo yalikuwa mazito kama sheria. Kwenye simu yalichukua sekunde chache.

Nilitegemea acheke. Upande wa pili nikasikia sauti ya kiti kikivutwa, mtu anakaa.

"Faida," alisema, "na mi njo vile nilikufanyaka weye."

Nje ya duka kabaza zilikuwa zinagombania abiria. Kisha Mama akakohoa, akasafisha koo, akaniuliza swali nililolisikia kila asubuhi ya utoto wangu, likienda kwa mtu mwingine.

"Unaumwa wapi?"

Niliifunga ile chupa, nikavuta kiti cha cherehani, nikaanza kumwambia.